Venant Mihayo na Miaka Saba ya Nyongeza

Baba, mwaka umetimia tangu ulipotutoka mchana ule wa Jumanne, umejilaza kwenye kochi, redio ikisoma salamu za wasikilizaji. Mama alidhani umesinzia. Akapunguza sauti ya redio ili usishtuke.

Wengi walikufahamu kama fundi mawe. Misingi uliyoijenga ipo Kirumba, kwenye miteremko ambako mafundi wengine walikataa kazi. Ipo Buzuruga, na Kisesa pia. Ukialikwa kwenye nyumba uliyoijenga, hukuwa unaingia moja kwa moja. Ulikuwa unainama kuangalia pembe ya msingi, unaigonga kwa kisigino, ndipo unapiga hodi. Mama aliona haya kila mara, na kila mara alikusubiri.

Ni yeye aliyeugundua ugonjwa wako. Ilikuwa mwaka 2017, umerudi kutoka kazini unalalamika mgongo, naye akawa anakuchua kwa mafuta. Mkono wake ulipopita juu ya kitovu akahisi kitu kinadunda kama moyo. Akakuuliza kama unakisikia. Ukamjibu kwamba kinadunda tangu Pasaka, ila hukutaka kumtia hofu.

Hospitali ya rufaa walikupiga picha, daktari akawaeleza bila haraka. Mshipa mkuu wa damu, ule unaoshuka kutoka moyoni na kupita tumboni, ulikuwa umetanuka na ukuta wake umekuwa mwembamba. Kwa kawaida upana wake ni kama sentimita mbili. Wako ulikaribia saba. Ukipasuka, alisema, ni wachache wanaofika hospitali wakiwa hai. Tiba ilikuwa upasuaji: wafungue tumbo, waubane mshipa kwa muda, washone ndani yake mrija wa kitambaa maalumu ili damu ipite humo. Hakuficha kwamba upasuaji wenyewe nao una hatari. Akakuuliza habari ya sigara. Ulitoa pakiti mfukoni ukaiweka mezani kwake, na hukuvuta tena.

Kisha ukauliza swali la fundi: huo uzi wa kushonea unadumu miaka mingapi? Daktari akatabasamu, akasema utadumu kuliko sisi sote.

Mama hakutabasamu. Dada yake, Justa, zamani aliingia chumba cha upasuaji kujifungua, hakutoka hai. Siku nne zikapita tangu mtoke hospitali. Baba mdogo Kashindye akaja kutoka Kisesa, akashauri msubiri, kwamba mtu anayekula na kutembea hapasuliwi. Mama alimsikiliza, akampakulia chakula. Siku ya tano, mkichambua choroko uani, ndipo akasema.

"Nikikwambia nenda, ukafa, nitaishije? Nikikwambia baki, ukafa, nitaishije?"

"Basi usiniambie, Tereza," ukamjibu. "Uamuzi ni wangu. Wewe nisindikize tu."

Akakusindikiza. Mafundi wenzako walikuja kuchangia damu wakiwa bado na vumbi la mawe kwenye nywele. Upasuaji ulichukua karibu saa tano, na Mama hakunyanyuka kwenye benchi hata kunywa maji. Muuguzi mmoja, Gladness, alitoka akamshika bega, akamwambia umevuka salama na miguu yako ina joto, ndiyo dalili kwamba damu inafika. Mama hakutaka habari za miguu. Alitaka kukuona uso.

Ulikatazwa kubeba vitu vizito, tukadhani utanyong'onyea. Badala yake ulikaa kwenye kigoda ukiwafundisha mafundi wapya kulitambua jiwe lenye ufa kwa kuligonga na kusikiliza. Ulimpeleka binti yako Sabina kanisani siku ya ndoa yake, ukitembea polepole mno hadi kwaya ikarudia wimbo. Ulijifunza kupika uji wa ulezi, ukaukosea miaka miwili mfululizo, nasi tukaunywa. Jumamosi mlikwenda soko la samaki la Mwaloni wewe na Mama, mkabishana sato yupi ametoka ziwani leo na yupi wa jana. Zamani hukuwa na nafasi ya mabishano kama hayo. Na kila mwaka ulirudi kupimwa, ukaambiwa kitambaa kimetulia mahali pake. Mwishowe ni mapafu yaliyochoka, mshipa ulikuwa salama.

Msibani watu walimwona Mama hana machozi, wakaanza kunong'ona. Akawaambia, "Nilishamlilia siku ile wanampasua, nikamaliza. Hiyo miaka saba niliongezewa tu."

Tulimwamini. Kumbe bado. Miezi mitano baadaye Sabina alimpeleka kuandikishwa bima ya afya. Karani, binti mpole, alimsalimia shikamoo, akamuuliza jina, umri, mtaa, halafu hali ya ndoa. Machozi yakamtoka Mama, hakuyafuta.

"Nimeolewa," akasema.

Karani akaandika hivyo. Sabina hakumsahihisha, nasi wengine tulipohadithiwa hatukutaka isahihishwe.

Unakumbukwa na mkeo Tereza, wanao Sabina, Pius na Nestory, mkweo Jonathan, mdogo wako Kashindye, wajukuu zako watano, na mafundi wote wa Kirumba. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii, saa moja asubuhi, nasi tutakuwepo sote.

Hatutakusahau, Baba, maisha yetu yote.