Utepe Mwekundu Kwenye Plagi ya Fintan

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi Derrycashin, Mayo, Ayalandi
Jumatatu, tarehe 11 Machi 2019, saa 4:20 asubuhi

Jina: Sorcha Heneghan. Umri: miaka 27. Kazi: kuoka mikate asubuhi, mwimbaji na msimamizi wa bendi. Makazi: Barabara ya Kinu, Derrycashin.

Bendi yetu inaitwa Viatu vya Kuazima. Tuko watatu. Mimi ninaimba, Fintan Loughnane alikuwa mpiga gitaa, Colm Tighe anapiga ngoma. Tunapiga nyimbo za wengine kwenye baa na sherehe za watu. Mwenye shughuli hunipigia simu mimi, na vyombo hulala kwangu.

Mnamo tarehe 9 Machi, Jumamosi, saa 8 mchana, tulifika kwenye ukumbi ulio nyuma ya baa ya akina Gaughan, waliokuwa wanatimiza miaka arobaini ya ndoa. Colm alipanga vyombo akachomeka amplifaya ya gitaa. Fintan akamwambia, "Taratibu na hiyo, imekuzidi umri." Colm akajibu, "Na wewe mzee umeizidi kelele." Tulicheka.

Saa 8:40 Bi. Gaughan aliomba wimbo waliocheza siku ya harusi yao. Tukauanza. Fintan alipenda kuniitikia kwenye kiitikio chake. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye nyuzi za gitaa, kwa wa kulia akaishika maiki aisogeze mdomoni. Akakakamaa. Nilidhani anachekesha wageni, ndiyo tabia yake, nikaendelea kuimba. Niliimba mstari mzima. Colm ndiye aliyetambua, akaruka ngoma zake, akang'oa plagi ukutani. Mgeni mmoja, muuguzi, alimkandamiza kifua mpaka gari la wagonjwa lilipofika saa 9:05. Fintan hakuamka.

Tangu siku hiyo Colm anamwambia kila mtu, "Nimemuua mimi. Mimi ndiye niliyechomeka." Jana mama yake alinipigia simu, akasema Colm hali chakula wala halali usingizi.

Sajenti ameniambia fundi alifungua plagi ya amplifaya akakuta waya wa kijani na njano, ule wa kupeleka umeme ardhini usimpige mtu, umekatwa. Colm hakuukata. Niliukata mimi.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 17 Januari, jioni. Mimi na Fintan tulikuwa tunafanya mazoezi jikoni kwangu. Colm alikuwa kazini. Amplifaya ilikuwa inavuma, na mwanangu Tadhg, miezi saba, alikuwa na siku ya tatu halali kwa sababu ya meno. Hata mimi sikuwa nimelala. Nilifungua plagi kwa kisu cha siagi, nikaukata ule waya, mvumo ukakoma. Wapigaji wengi wa baa hufanya hivyo. Mtoto akalala.

Fintan akasema, "Huyu ana sikio kutushinda sote. Lakini uurudishe, binti."

Nikasema, "Kabla ya shughuli nyingine." Nikabandika utepe mwekundu kwenye plagi ili nikiuona nikumbuke.

Februari hatukuitwa popote. Siku moja ya mwezi huo, tarehe siikumbuki, nilimkuta Tadhg sakafuni anatafuna kitu chekundu. Nilikitoa kwa kidole, kikawa kipande cha utepe. Nilihofia tu kama amemeza kingine. Sikujiuliza kimetoka wapi. Nikakitupa.

Jumamosi ya sherehe Fintan hakuniuliza kuhusu waya. Nadhani aliniamini.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa, ni maneno yangu. Naomba Colm naye asomewe.

Saini ya shahidi: S. Heneghan

Maelezo ya afisa: Shahidi alipofika kwenye habari ya waya nilimsimamisha, nikamwonya kwamba anaweza kushtakiwa na kwamba ana haki ya kumwona wakili kwanza. Alisema wakili atakuja, ila kwanza Colm apate usingizi. Tulimaliza saa 5:35. Alitia saini kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa mtoto alikuwa amelalia ule wa kulia.

Sajenti D. Gilvarry