Cheo Nilichokupa Kaburini

Babu,

Bado nasikia ule mlio wa kipande cha reli ukikigonga kwa bolti. Treni ilipoacha kuja Arusha ulikileta hapa nyumbani Kikatiti, ukakitundika kwenye mparachichi, ukawa unatuitia chai. Ukigonga mara moja, maji yamechemka. Mara mbili, njooni. Stesheni ulifanya hivyo hivyo, uliniambia: mara moja treni ikitoka Usa River, mara mbili ikikaribia, na kina mama wa ndizi na maziwa wakasimama kushika mizigo yao.

"Bila mimi, Stesheni Masta hajui hata avae kofia saa ngapi," ulikuwa unasema. Bibi anakujibu, "Kapige deki, mzee wewe." Maana deki nayo ilikuwa kazi yako.

Siku tulipokuzika, wasifu wako niliusoma mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyefika chuo. Baba aliniandikia kwa mkono wake: mpiga kengele na mfagizi. Lakini chini ya turubai walikaa wenzangu wa chuo, ambao kwa miaka mitatu walinisikia nikijivunia babu wa reli. Nikafika kwenye mstari ule, nikasema, "Alikuwa Mkuu wa Stesheni ya Arusha." Baba alitazama viatu vyake.

Baada ya mashada, mama mmoja mzee kutoka Ngarenaro alinishika mkono. Nilimfahamu: mjane wa Stesheni Masta wako. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole. Nauliza tu, mume wangu alikuwa anakwenda wapi kila asubuhi na ile kofia?"

Alicheka kidogo ili nisiaibike. Kisha akasema, "Siku mume wangu anastaafu, babu yako aliigonga ile reli mpaka kiganja kikavimba. Hilo hukulisoma."

Sikulijua, Babu. Miaka yote nilikuuliza habari za treni, sikuwahi kukuuliza habari zako.

Tangu siku ile Baba hanisemeshi zaidi ya salamu. Bibi anatuita chai kwa mdomo. Na wiki iliyofuata kijana wa stesheni alipiga simu: sasa treni imerudi, wanakusanya habari za wazee waliofanya kazi pale wazibandike kwenye chumba cha kusubiria, anaomba ule wasifu. Nilimwambia nitautuma. Nikakaa nao siku tisa. Ningeutuma, mume wa yule mama angefutwa ukutani, na wewe ungefutwa pamoja naye, maana mtu niliyemsoma hakuwa wewe. Nilikuonea aibu ukiwa ndani ya jeneza, huwezi kunijibu. Sijui ungenisamehe. Nadhani ungecheka, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, baada ya matangazo, niliomba nafasi kanisani. Niliusoma upya, neno kwa neno kama Baba alivyoandika, nikaongeza habari ya kiganja. Nilisema pia kwamba mara ya kwanza nilidanganya, na kwa nini. Nilikuwa nimewaalika wenzangu wa chuo. Walikuja wawili. Mama wa Ngarenaro alikaa benchi la mbele. Nilipofika kwenye neno mfagizi, nililisoma mara mbili.

Pumzika, Babu. Sitakupandisha cheo tena. Karatasi niliipeleka stesheni mwenyewe Jumatatu, na chini yake nimesaini jina langu.