Samaki Wako Aliyeacha Kula

Ndugu yangu Alimasi,

Arobaini yako tumeifanya wiki hii, na samaki wako wako hai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza.

Mkeo, Mama Feza, alikuwa amenipa hadi Jumapili ya baada ya arobaini niondoe tangi la kioo sebuleni. Hakusema kwa ubaya. Unajua alivyokutania, yeye binti wa wavuvi wa maporomoko ya mto aliyeolewa na mtu anayefuga samaki wa bahari, wadogo kama kidole, wasioliwa. "Alors, Alimasi, na leo tutakula kwa macho?" Ulicheka hadi ukakohoa. Ulipoondoka, hakuweza hata kuutazama upande ule wa chumba.

Nilikuja kila asubuhi. Nilipima chumvi. Maji yalipopungua niliongeza yasiyo na chumvi, kama ulivyonifunza, kwa kuwa maji hupaa na chumvi hubaki. Umeme ulipokatika niliyachota na kuyamwaga kwa kikombe ili wapate hewa. Halafu yule dume wa rangi ya fedha, mwenye mistari mitatu myeusi, akaacha kula. Vipande vya kosakosa, wale kamba wadogo wa mtoni, vilimpita mdomoni, akavitazama tu. Taya likavimba. Nilikuahidi hospitalini kwamba nitawatunza, Alimasi, na huyu alikuwa ananifia mikononi.

Siku ya saba ya kutokula kwake nilileta dawa na ndoo. Wavu ulikuwa umeshaingia majini Mama Feza aliponishika mkono. Tangu mazishi hakuwahi kukikaribia kile kioo.

"Acha, Mwalimu. Haiko mugonjwa. Iko na batoto mu kinywa."

Aliwaona samaki wa mtoni wakibeba hivyo, utotoni, ndani ya mtumbwi wa baba yake. Mimi nimesoma vitabu vyako vyote, vinavyosema dume ndiye hubeba mayai kinywani, na sikuona.

Tukangoja pamoja, yeye akija karibu zaidi kila siku. Wiki tatu bila chakula, kinywa kimefungwa. Nilipokimbia kutoka Uvira niliona watu wakivuka msitu na watoto wao namna hiyo.

Juzi asubuhi dume akawatoa watoto. Wadogo kama punje za mchele, na mistari yao mitatu tayari. Ili wakubwa wasiwameze, Mama Feza alizamisha brashi mpya ya jikoni, nao wakajificha katikati ya nyuzi za brashi. Yeye anahesabu kumi na saba, mimi kumi na nane. Anasema macho yangu yamezeeka.

Jana nilimuuliza kuhusu Jumapili. Alinitazama kama mtu aliyeuliza jambo la kipumbavu. "Utabapeleka wapi, na bangali badogo?" Nikaenda kuwaambia wachukuzi niliowaagiza kulibeba tangi wasije.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Nitaendelea kuja kila asubuhi, nitabisha hodi kwanza, na sitasogeza hata jiwe moja mle ndani bila kumuuliza mwenye nyumba.

Mimi wako,
Mwalimu