Viatu vya Mdogo Wangu Mlangoni kwa Mama

Mpendwa Shangazi, shikamoo, na hata kabla hujaitikia naomba uniokoe, maana mimi si mtu wa kuomba ushauri, mimi ndiye huwa nautoa, shule niliiacha njiani lakini dunia nimeisoma mpaka jalada la nyuma, na kama uliwahi kuona vijana wa muziki wa kufokafoka wakitembea kama ardhi ni ya baba yao, basi miguuni walivaa raba zangu, Kanyaga, soli nene, ulimi mrefu, nilizozibuni na kuzishona kwa mkono huu.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, ndiye aliyekuwa akifoka jukwaani. Akifika kwenye kiitikio anainua mguu, ukumbi mzima unainua, na asubuhi yake foleni dukani kwangu inakata kona, nikaringa mpaka kivuli changu kikawa kinaomba kupumzika. Ndipo wakaja waigaji, wakabandika nembo yetu kwenye soli za maboksi, mvua moja tu mtu anabaki na kamba mkononi, na lawama zote zikatuangukia sisi. Halafu kifua cha mdogo wangu kikamshinda. Tulimzika, nikafunga karakana, kalibu zote za kuundia soli nikawapa watu wa vyuma chakavu, sikutaka hata kuziona.

Sasa dunia imegeuka. Vijana wameifukua video yake ya zamani, kila mmoja anaitaka Kanyaga, na mwenye kiwanda cha viatu amenitafuta. "Fundi, sitaki inayofanana, nataka ile ile. Niletee jozi halisi tuipasue katikati tuone matabaka yake." Ndivyo kazi yetu ilivyo, kiatu hakitoi siri mpaka kipasuliwe. Nikazunguka kwa wateja wa zamani, waliozifungia kabatini zimepukutika kama mkate mkavu. Iliyo nzima ni jozi moja tu, nayo iko mlangoni kwa mama. Ni ya marehemu. Mama huifuta kila asubuhi, anaianika, anairudisha pale pale, na mgeni akiuliza nani yuko ndani hujibiwa, "Kitinda mimba wangu. Amelala."

Juzi nilijikaza nikamwambia, mama, hizi zingerudisha jina la mwanao. Akanitazama. "Viatu vikiwa mlangoni, mwenyewe yumo ndani. Ukivichukua, utaniambia ameenda wapi?" Mimi mwenye jibu la kila mtu nikaomba maji ya kunywa. Shangazi, nimeshashona jozi inayofanana nayo kwa nje, hata mikwaruzo ya jukwaani nimeiweka, naweza kubadilisha akienda sokoni. Nisipobadilisha, jina la mdogo wangu linakufa mara ya pili, na nikibadilisha, ninamzika tena mimi mwenyewe. Usingizi sina, na mizaha imeniisha, hii uliyoisoma ni ya akiba.

Fundi Kanyaga

Marahaba, Fundi. Pole, mwanangu. Sasa kaa chini nikuseme.

Unawalaani walioiga raba zako, na wewe umeketi unaiga za marehemu umdanganye mama yako. Wao waliiba nembo, wewe unataka kuiba mtoto. Na usijidanganye kwamba hatajua. Mkono unaofuta kiatu kila asubuhi unakijua kuliko ule uliokishona.

Hiyo jozi ya bandia iharibu leo. Mama akikubali, mwenye kiwanda aje pale pale mlangoni, apime kwa nje, asipasue. Akisema haitoshi, muage kwa heshima. Huenda Kanyaga isirudi tena, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hasara hiyo ibebe.

Umenisimulia soli, ulimi na foleni. Kulia hukunisimulia. Ulitupa kalibu ukadhani umemaliza msiba, kumbe ulimwachia mama auangalie peke yake kila siku. Kesho nenda kabla hajazifuta zile raba. Shika kiatu kimoja, yeye ashike kingine. Biashara usiitaje. Akikuuliza mwanawe yuko wapi, usimtungie maneno, mwambie hata wewe unamtafuta.

Kisha vua raba zako, ziweke kando ya zile, uingie. Mgeni akija kuuliza nani yuko ndani, siku hiyo mama yako ataje wawili.