Misael Brenes, Chura na Kupe

Mwaka umetimia, ndugu yetu Misael, tangu tukulaze kwenye makaburi ya Turrialba, na Daktari Oldemar Peralta bado anapumua. Hatumuulizi Mungu maswali. Tunataja tu.

Kahawa ya uani imezaa vizuri. Zoraida, mkeo, bado anakutengea kikombe cha maji moto ya sukari guru kila asubuhi, kisha anakinywa mwenyewe kabla hakijapoa. Mbwa wako hamtii mtu. Tukimwita anatutazama kama wageni waliokosea nyumba.

Ulikuwa mtu wa mikono. Fundi wa maabara ya viumbe pale chuo kikuu, tangu ndevu hazijaota mpaka zikawa nyeupe. Nyoka wa chuo walikujua kwa hatua zako. Mmoja wao, yule mwenye sumu kali kuliko wote, alikuwa hali mpaka umsalimie, na siku ulipopata mafua alikohoa pamoja nawe. Asiyeamini aende akamuulize. Ulishona nyavu, ulisafisha chupa, uliendesha gari, uliwapikia wanafunzi wali na maharage porini, na waliotegua miguu uliwabeba mgongoni. Kisha maandishi ya Daktari yakitoka, mwishoni kabisa, chini ya waliotoa betri za tochi, tulisoma: tunawashukuru pia dereva, mpishi na fundi. Watu watatu. Wote wewe, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na jina.

Viatu vya mvua ulijinunulia. Ulipoviomba chuoni walikwambia fundi ni mtu wa ndani, viatu ni vya wanaotoka kwenda porini. Aliyekuwa akitoka ni Daktari, naye alitoka mpaka kwenye gari.

Sasa chura, maana watu wengi wanasimulia na wengi wanakosea.

Msimu ule mvua ilinyesha mpaka samaki wakaingia jikoni kwa Zoraida kuomba chumvi. Daktari alibaki garini na blanketi na chupa yake ya kahawa. Wewe ulipanda kijito peke yako, ukapita nyuma ya maporomoko, ukasikia sauti ambayo hukuwahi kuisikia, kama mtu anayegonga kijiko kwenye kikombe. Ulirudi umemfunika kwa kofia: chura mdogo, mapaja mekundu kama pilipili iliyoiva. Ukamwambia Daktari kwamba huyu hayumo katika vitabu. Naye akateremsha kioo cha gari kidogo, mvua isimpate, akachungulia ndani ya kofia.

"Ingia," akasema, "lakini usinilowanishie kiti."

Chura akapewa jina la mama mkwe wake Daktari, doña Clemencia, mwanamke ambaye tope pekee alilowahi kuligusa ni lile alilowapaka wenzake. Sisi tulichemka. Wewe ulituambia tule. Hapo ulikosea, Misael, na tunakwambia leo kwa kuwa huwezi kujibu. Mtu akizidi upole, wenzake humtandika chini wakafutia miguu.

Ulipostaafu wakasema watakutambua. Zoraida akalegeza mishono ya suti yako ya harusi. Tukaja ukumbini ukoo mzima, na wale tusiosemezana nao pia. Daktari akatangaza kwamba mnyama mpya, asiyejulikana duniani, atabeba jina lako milele. Taa zikazimwa, picha ikawaka ukutani.

Kupe.

Kupe mkubwa kama meza ya kulia, miguu yote nje, aliyechomolewa kinenani mwa danta, yule mnyama wetu mwenye pua kama mkonga uliokata tamaa njiani. Ukumbi ukapiga makofi. Binti yako Yorleny akauliza, wala hakupunguza sauti, kama kuna dawa yake.

Ndipo uliposimama, na hili tuliliona kwa macho yetu.

"Asante, Daktari. Basi niombe kitu kimoja. Waambie hawa watu ni nani aliyemkamata yule chura."

Daktari alicheka karibu na maikrofoni. "Misael, jina likishachapishwa hata Baba Mtakatifu halibadilishi."

"Sijaomba jina. Nimeomba useme."

"Leo ni siku ya kupe," akasema. Watu wakacheka, keki ikakatwa.

Hukuigusa. Njiani kurudi nyumbani ulitwambia kwamba jina la chura walichukue tu, haidhuru, lakini kabla hujafa ungependa kulisikia lile neno likitoka kinywani mwake, mbele za watu. Hukuwahi kutuomba kitu kingine. Mvua haijarudi, moyo wako ukasimama.

Siku ya tisa ya sala za msiba wako, Daktari alikuja. Hatutamnyima haki yake: alikuja. Alibeba picha ya kupe ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, akataka itundikwe sebuleni, kando ya picha yenu ya ndoa. Zoraida alimzibia mlango. Wifi yetu ni mfupi, lakini siku ile alijaa mlango wote, juu mpaka chini.

"Daktari, nani alimkamata chura?"

"Doña Zoraida, sayansi ni kazi ya wengi."

"Hao wengi nawajua, niliwapikia. Nauliza aliyelowa."

"Si mahali pake hapa, mama. Watu wako msibani."

"Ndiyo maana nakuuliza hapa. Wote wanasikia."

Daktari alitazama saa yake. Akaegemeza kupe kwenye ukuta wa baraza, akachukua tamali mbili za unga wa mahindi, zilizofungwa kwa majani ya mgomba, kutoka kwenye sinia lililokuwa likipita, akaenda zake. Ile fremu tumefunikia banda la kuku. Tangu siku ile kuku hawana kupe hata mmoja. Tunadhani wanamheshimu mkubwa wao.

Nafasi yako chuoni ingali wazi. Nyoka wanalishwa na yeyote atakayekumbuka, na yule rafiki yako amegoma kabisa, anatazama ukuta. Lakini fedha ya mpiga picha imepatikana. Daktari ametuma salamu kwamba kwenye sala ya mwaka atafika pamoja na mkuu wa kitivo, wapigwe picha na familia, ionekane jinsi chuo kinavyowaenzi mafundi wake.

Sawa. Tunamjibu hapa, gazetini, wewe ukisikia na mji ukisikia.

Sala ni Jumamosi hii, saa tisa alasiri, nyumbani kwako. Mlango uko wazi. Kwetu mtu hafukuzwi kwenye sala, hata awe nani. Atakayeongoza ni doña Eulogia, kiziwi wa sikio moja, asiyemwogopa mtu ila Bikira Maria, na huyo naye kwa kiasi. Rozari itakwenda kama kawaida. Litania itafuata, watakatifu watatajwa mmoja mmoja, nasi tutajibu utuombee, utuombee, mpaka ndimi zizoee. Kisha doña Eulogia, bila kubadili sauti, atauliza: Nani alimkamata chura? Nyumba nzima itajibu: Misael.

Tumeshafanya mazoezi. Jirani zetu Waadventista wasiosali rozari wameomba waje kwa jibu hilo tu.

Tamali za nguruwe zitatoka baada ya hapo, si kabla. Asiyejibu hatalaumiwa. Doña Eulogia atamgeukia tu na kumuuliza tena, yeye peke yake, na tena, mpiga picha akipiga. Yule bibi amezika waume watatu na hana haraka ya kwenda popote.

Wewe tulia huko uliko, Misael, utege sikio. Tumeweka kiti cha Daktari mstari wa mbele, uso kwa uso na picha yako, na sisi wote tutakuwa tunamtazama mdomo.

Tunaokukumbuka: mkeo Zoraida, binti yako Yorleny na mumewe, kaka yako Fermín, sisi dada zako, Nidia na Hortensia, ambaye ndiye mwandishi, na madereva, wapishi na mafundi wote wa kitivo, kila mmoja kwa jina lake.

Hatutakusahau kamwe, na yeye hatutamwacha asahau.