Unga wa Nyanya za Baba

Dharwad, 3 Juni 1998

Mpendwa Dada Rathna,

Shikamoo. Baba na kifua chake hawajambo? Mimi mzima, ila sima ya ulezi ya bwenini ni udongo mtupu.

Profesa amenipa kazi ya kuvu inayoua wadudu. Haingoji kuliwa, Dada. Humganda mdudu, ikamtoboa ngozi, na ikishaingia huvua ganda ambalo walinzi wa damu wangelitambua. Wanaipisha kama mgeni wa harusi aliyevaa vizuri. Wakizinduka, mwenye damu ni maiti mweupe.

Nimekutumia pakiti ya unga wake. Nyunyizia nyanya za Baba, inzi weupe watakoma.

Mdogo wako,
Lokesh

Nyumbani, 1 Julai

Lokesh mdogo wangu,

Salamu. Afya ninayo, amani sina. Nyanya zimepona, viwavi wa hariri wamekwisha. Zilibaki siku tatu waanze kusokota. Wote wamekauka, weupe na wagumu kama chaki. Nyanya ziko upepo mmoja na miforosadi, unga ukapeperuka hadi huko, na majani yake ndiyo niliyowalisha. Mtoto wa nyumba ya hariri, ulisahauje? Nami nilikuamini.

Baba anasema niliingia chumba cha viwavi nikiwa kwenye siku zangu. "Mjane huyu kamla mume, sasa kala na viwavi!" Mbele ya majirani, Lokesh! Unajua siku hizo nalala barazani, sigusi hata ungo wa viwavi. Ameamuru mwisho wa mwezi niwe nimeondoka. Mwandikie ukweli, neno moja tu.

Dada yako,
Rathna

Dharwad, 28 Julai

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, mitihani ilinibana. Baba akijua, kifua kitambana, na chuoni ataniondoa. Profesa ananiombea nafasi Bengaluru. Nenda kwa shangazi kidogo, maneno ya watu hupoa. Nikihitimu nitamweleza mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Lokesh

Ramanagara, 15 Septemba

Lokesh,

Mimi mzima. Shangazi hakunipokea, habari zilinitangulia. Nachemsha vifukofuko vya hariri kwenye kiwanda cha nyuzi, vidole vimeumuka.

Kabla sijaondoka nilimwambia Baba ukweli. Alicheka. "Mwanangu msomi aue viwavi wangu? Toka!" Wewe umepishwa, nikakamatwa mimi.

Nakuchukia, nakwambia wazi. Barua yako niliisomea nje, nikaichoma, nikanawa mikono hadi viwiko ndipo nikaingia ndani, kama tulivyofundishwa mlangoni pa chumba cha viwavi, tusiwaingizie ugonjwa.

Rathna