Siki kwenye Chupa ya Mzee Orrin

Corinne,

Supu ya chaza iko jikoni, ipashe tu. Mpake baba yako mafuta mashavuni. ~~Akiniulizia, sema nimewahi kazini.~~ Usimdanganye. Uongo wangu unatosha.

Yale maji yake ya hamamelisi ya kupaka baada ya kunyoa, anayotuletea kila theluji ikianza, akishakata matawi ya kichaka hicho msituni na kuyachemsha mwenyewe: niliyamwaga yote. Nilijiona mtu wa ofisi, napaka ya dukani ya dola sitini, eti yale ya bure ni ya makabwela. Chupa nikaitia siki ya kufutia vioo. Na kila akipiga simu namwambia, "Mzee, bila maji yako sinyoi!"

Leo asubuhi kajikata kidevuni, kaniita bafuni: "Wendell, mwanangu, hebu nipe yale maji yetu." Nilikuwa nafunga tai, nikampa chupa bila kufikiri. Kamimina kiganja kizima, kajipaka uso mzima.

Machozi yakamtoka. Bafu zima likanuka siki, nami nimesimama pale sina pa kuuficha uso.

Hakunitukana. Alifunga kizibo taratibu, akanirudishia chupa. "Ya mwaka huu yametoka makali kidogo," akasema. "Nitakuchemshia mengine."

Miaka arobaini anayachemsha, Corinne. Siki anaijua.

Hiyo chupa usiiguse. Nikirudi nitaiosha mwenyewe, mbele yake.

Mume wako